Kokoto kumi na mbili

Leo nimerudisha mali ya watu. Kokoto za mchezo wa mdako, nilizomnyang'anya msichana mmoja wa darasa la tano muhula uliopita, siku ambayo kengele ililia yeye na wenzake bado wamechuchumaa nyuma ya stoo. Nilizitia kwenye kopo la majarini, nikazifungia kabatini, nikazisahau.

Napenda michezo darasani, lakini mingi imenishinda. Nilianza na kadi. Nikakata maboksi, nikaandika hesabu za kugawanya, nikapanga makundi, mshindi anapewa pipi. Wiki ya kwanza darasa lilichangamka hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Wiki ya pili nikagundua pipi zinaliwa na watoto walewale watano, na waliobaki wamejifunza kujibanza nyuma wasionekane. Nilikuwa nimeuvisha mtihani kanga, basi.

Nikahamia kwenye bao. Nikachimba mashimo nje, safu nne za mashimo manane manane, nikatafuta kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hapo tayari mna kujumlisha na kutoa, nikajiona mjanja. Nikaeleza kunamua, nikaeleza nyumba, nikaeleza kichwa na kimbi. Kengele ikalia hakuna aliyekula hata kete moja. Wavulana wawili wanaocheza na babu zao ndio waliofaidi, sisi wengine tukawa watazamaji. Bao ni la jioni chini ya mwembe. Kipindi cha dakika 40 hakilitoshi.

Vishikwambi sina. Mkoa wetu huu wa Tanga ndiko yalikojaribiwa yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 wakajifunza kusoma na kuhesabu kwa programu za Kiswahili kwenye vishikwambi, na mwaka 2019 timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, zikagawana dola milioni 10. Kijiji chetu hakikuwamo. Nakiri niliona kijicho, kisha nikaendelea na chaki.

Sasa Jumanne. Mada ni vigawo. Nimeandika ubaoni 12, nauliza inagawanyika kwa ngapi bila kubakiza, darasa kimya kama msibani. Yule msichana, ambaye kwa mwaka mzima sijapata kusikia sauti yake kwenye hesabu, akamnong'oneza jirani yake. Nikamwambia sema kwa sauti. Akasema, "Kumi na mbili hazigombanishi."

Sikuelewa. Nikatoka nao nje.

Kwa asiyeujua mdako: unachimba kishimo, unajaza kokoto. Unarusha moja juu, kabla haijatua umezikomba zote nje, unaidaka. Unarusha tena, unazirudisha shimoni, lakini unaacha moja nje, hiyo yako. Hivyo hivyo mpaka shimo liishe. Ukimaliza moja moja unaenda mbili mbili, halafu tatu tatu, halafu nne nne. Ukiacha pungufu au zaidi, zamu imekwenda.

"Zikiwa kumi," akanieleza, "ukifika tatu tatu inabaki moja. Huyu anasema yangu, yule anasema yangu. Kumi na mbili zinaisha zote." Nikauliza, na kumi na tatu? Watoto wakacheka kwa pamoja, kama nimesema tusi. Kumi na tatu, nikaambiwa, inakubali moja moja tu, ukiingia mbili ugomvi. Nimefundisha namba tasa miaka tisa na sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Nikauliza kwa nini wanaishia nne, wasiende tano tano. Kumbe ni mkono tu, tano hazikai kiganjani. Basi nikawapa kazi ya nyumbani: tutafutieni idadi isiyogombanisha kuanzia moja hadi tano. Jumatano asubuhi watatu walikuwa wananingoja mlangoni na jibu, 60, wamelipata kwa kupanga punje za mahindi sakafuni usiku kucha, ama ndivyo walivyodai. Mvulana mmoja akasema shimo la kokoto sitini hilo ni kaburi. Ubaoni nikaandika Kigawe Kidogo cha Shirika, na kwa mara ya kwanza jina hilo refu halikumtisha mtu.

Si wote. Kuna wawili hawakuingia kabisa, mdako hawaujui, na mmoja wao alilia. Alhamisi mzazi mmoja alinisimamisha njiani: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anasema hesabu siku hizi ni mdako?" Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia muda mrefu, akaondoka na baiskeli yake.

Leo mchana nikafungua kabati. Nikamwita yule msichana ofisini, nikamkabidhi kopo lake, nikajitahidi kuomba radhi kama mtu mzima anavyoweza kumwomba radhi mtoto, yaani kwa kukohoa kohoa. Akamimina kokoto mezani palepale, juu ya ratiba ya mitihani, akazipanga mbili mbili. Ikabaki moja.

"Mwalimu," akasema, taratibu kabisa, "hizi kumi na moja."

Nimepekua kabati lote mpaka saa kumi na moja jioni. Kesho Jumamosi, lakini itabidi nipite shuleni.