Kumfuata silikanti Tanga

Silikanti haonwi akiwa hai na mtu wa kawaida. Hakuna bwawa la vioo duniani linalomfuga, na kupiga mbizi hadi anakoishi si kazi ya mtalii mwenye miwani ya kukodi. Hayo niliyajua kabla sijakata tiketi pale Mbezi, Dar es Salaam. Nikaenda hivyo hivyo, kwa sababu Tanga wapo watu waliomtoa samaki huyu kwenye nyavu kwa mikono yao, nami nilitaka kuwasikia wao badala ya kuendelea kumsoma.

Basi liliondoka alfajiri. Chalinze, daraja la Wami, Mkata, Kabuku, kisha Segera, ambako wa Moshi na Arusha wananyoosha na sisi tukakata kulia. Safari hiyo nusu yake ni usingizi. Niliamka Muheza, madirishani kumejaa vikapu vya machungwa, nikanunua mfuko kwa mama mmoja ambaye hakutaka kupunguza hata mia. Nikashika chungwa moja nikawa naliangalia tu, mpaka jirani yangu akaniuliza kama limeoza. Nikamwambia kuna samaki ambaye yai lake ni kubwa hivi. Akacheka kwa heshima, kama mtu anavyomchekea mgonjwa, akageukia dirishani.

Lakini ndivyo lilivyo. Yai la silikanti ni kubwa kama chungwa, na hatagi. Mayai huanguliwa humo humo tumboni na watoto wakazaliwa wakiwa wameshakamilika. Jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991, wa kilo 98, alikutwa na watoto 26 tumboni.

Tanga ni mji unaojua kutulia. Nilifikia gesti moja ya barabara za ndani, nikala wali na samaki wa kupaka, na asubuhi nikaanzia mahali ambapo wengi wangeona hapahusiani na bahari: mapango ya Amboni, kaskazini kidogo mwa mji. Haya ni mapango ya mawe ya chokaa. Mwongozaji alitupitisha kwenye vijia vya kuinama, popo juu ya vichwa, akatuonesha mahali watu wanapoweka nadhiri na miamba inayofanana na hiki na kile. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye baridi. Nje jua lilikuwa limeshawaka, ndani ubaridi ukabaki ule ule, giza lile lile, na hakuna kilichotuhimiza kufanya haraka.

Maisha ya silikanti yanategemea mahali pa namna hiyo, ila pa chini ya maji. Ukingo wa bahari ya Tanga haushuki polepole kila mahali. Kuna sehemu unakatika kama ukuta, na kwenye kuta hizo kuna mapango na vibaraza vya mwamba. Mchana silikanti hujibanza humo, mara nyingi kati ya mita 100 na 300, kwenye maji ya nyuzi 15 hadi 20 hivi, wakati huku juu maji ni ya uvuguvugu wa kuogea mtoto. Usiku hutoka kutafuta chakula. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hans Fricke, aliyekuwa wa kwanza kuwapiga picha wakiwa kwao, huko Komoro mwaka 1987 akiwa ndani ya nyambizi ndogo, aliona pango moja likibeba silikanti kadhaa kwa pamoja bila ugomvi wowote.

Na hao samaki hawafanyi kitu. Hapo ndipo pananipa raha zaidi katika habari yao yote. Tumezoea kusimuliwa viumbe vya vilindini kwa meno na taa: samaki mwenye fimbo inayowaka mbele ya mdomo, ngisi mkubwa, mdomo mpana kuliko mwili. Silikanti hana taa wala haogopeshi. Ameishi kwa kubana matumizi. Matamvua yake ni madogo kwa mwili wa samaki anayeweza kufika karibu mita mbili, kwa hiyo hewa anayoivuta ni kidogo, na mwili wake unaitumia taratibu. Hakimbizi windo. Huachia mkondo umbebe, mapezi yake manene yakipiga kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, mithili ya miguu ya mnyama anayetembea, ingawa Fricke hakuwaona wakitembea chini hata siku moja. Mara nyingine husimama kichwa chini mkia juu, akabaki hivyo. Puani ana kiungo kilichojaa majimaji mazito, ambacho wataalamu wanaamini kinamsaidia kuhisi umeme hafifu unaotoka kwenye miili ya viumbe vingine. Fuvu lake lina kiungo katikati, hivyo kichwa cha mbele huinuka anapofumbua mdomo, na ngisi au samaki mdogo aliyepita karibu hana pa kwenda. Ubongo ni mdogo mno. Sehemu kubwa ya nafasi ya kichwani imejaa mafuta.

Mafuta, tena mafuta. Hata pale ambapo samaki wengi wana kibofu cha hewa, yeye ana kibofu kilichojaa mafuta. Umuhimu wake sikuuelewa sawasawa mpaka nilipofika Kigombe.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani, unapita mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama daftari la mistari kisha bahari inajitokeza ghafla. Kilikuwa kipindi cha kusi inayolegea, mashua nyingi zimekaa juu ya mchanga, akina mama wanageuza dagaa juani. Nilipelekwa kwa nahodha mmoja mstaafu aliyekuwa anashona wavu chini ya mkungu. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, akaniuliza natoka serikalini.

"Hapana, mzee. Nimekuja kusikia habari za silikanti."

"Ni hao hao," akasema, ila akanisogezea ndoo nikakaa.

Alianza kwa chewa. "Ukimtoa chewa kina cha mbali, anakuja na tumbo mdomoni. Umeshaona?" Nilishaona. Hewa ya kibofuni inatanuka kadiri mgandamizo wa maji unavyopungua, kwani kila mita 10 za kina zinaongeza uzito wa angahewa nzima juu ya mwili wa samaki, na anapovutwa juu uzito huo unaondoka kwa mpigo. "Huyu wenu alikuwa anakuja mzima. Tumbo ndani, macho yanawaka ukimmulika. Tukasema huyu ataishi, tumrudishe. Ukimrudisha anaelea ubavu. Ukimweka kwenye ndoo anakufa."

Kibofu cha mafuta hakipasuki. Kinachomuua ni joto. Damu yake imezoea maji ya baridi. Akiletwa kwenye maji ya nyuzi 26 au 28 mahitaji ya hewa yanapanda, maji yenyewe yana hewa kidogo zaidi, na yale matamvua madogo yaliyomtosha pangoni hayamtoshi tena. Saa chache, basi. Nilipomweleza mzee hivyo alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri kuthibitishiwa jambo analolijua. "Kumbe anakufa kwa kiu na yuko majini."

Dunia ya wasomi ilimfahamu silikanti akiwa hai mwaka 1938, pale Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomwona kwenye lundo la samaki la meli ya uvuvi. Kabla ya hapo walikuwa na mabaki yake ndani ya mawe tu, na walihesabu kwamba ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na madinosaria. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952, na serikali ya Afrika Kusini ikatuma ndege ya kijeshi kumchukua. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimtoa kwenye ndoana zao za usiku zamani zote hizo, wanamwita gombessa, wala hawamtaki, kwa kuwa nyama yake imejaa mafuta na inaharisha. Inasimuliwa kwamba magamba yake makali yaliwafaa kukwangulia mipira ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Matumizi hayo kwangu yana akili kuliko kumtumbukiza kwenye dawa ya kumhifadhi makumbusho.

Kwa upande wetu, alivuliwa Malindi, Kenya, mwaka 2001, kisha Songo Mnara kule Kilwa mwaka 2003, na baada ya hapo Tanga ikafungua mlango. Kufikia 2005 walikuwa wakiingia kwa wingi ambao haujawahi kuonekana pwani hii, hadi jumla ikawa makumi.

"Mbona kabla hamkuwapata?" nikauliza.

Mzee akaonesha wavu mapajani, ingawa huo ulikuwa wa samaki wadogo. "Jarife." Jarife ni wavu mzito wa macho makubwa, wa papa na samaki wanaoitwa taa, unaotegwa chini na kuachwa usiku kucha. "Zamani tulitega pima 20, 30, tunapata. Papa wakapungua. Baruti nazo zimeua mwamba wa juu. Ukikosa juu utafanyaje? Unafuata chini. Pima 50, 60, kwenye ukuta kabisa. Huko ndiko nyumbani kwake." Pima 60 ni kama mita 110. Samaki anayetoka pangoni usiku akielea na mkondo, mbele yake umetandikwa wavu asioujua. Mamilioni yote yale ya miaka hayakumfundisha hilo.

Akina mama wa dagaa walikuwa wameshasogea kusikiliza. Nikawaambia habari ya mimba. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu alama kwenye magamba, zile zinazosoma umri kama pete za mti, wakakadiria kwamba silikanti huishi karibu miaka 100, huanza kuzaa akiwa amevuka 50 hivi, na ujauzito wake huchukua kama miaka mitano.

"Mitano!" mmoja akadondosha ungo. "Na bado anaambiwa yuko polepole?"

Mwingine akataka kujua dume anakuwa wapi muda wote huo. Nikasema yupo pangoni, amesimama. Kicheko kilichofuata sikukielewa chote.

Lakini ukipiga hesabu, kicheko kinapungua. Jike aliyenaswa mwaka 2005 pengine alizaliwa kabla ya Uhuru, na huenda hakuwa amezaa hata mara moja. Ile tabia ya kutumia kidogo na kuzaa kwa nadra, iliyomvusha nyakati ambazo viumbe wenye nguvu walikwisha, haina jibu kwa wavu unaotegwa kila usiku. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552 kutoka karibu na mlango wa mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko kaskazini mwa mji, na wavuvi wanaendelea kuvua humo kwa masharti. Mzee hana chuki na hifadhi. Anachouliza ni kwa nini aliyeambiwa aache jarife hakuoneshwa nini cha kushika badala yake, na sikuwa na la kumjibu.

Kesho yake mjukuu wake alinichukua kwa mashua ya injini kwenda nje ya mwamba. Maji yalibadilika rangi mara moja, kutoka kijani hadi buluu iliyokolea, akapunguza moto. "Hapa ukuta," akasema. Ni huku Tanga ambako mwaka 2007 Wajapani walishusha kamera inayoongozwa kwa waya, wakawapata silikanti wakiwa kwao, kila mmoja na madoa yake meupe. Madoa hayo huwafanya wafanane na ukuta wa pango uliojaa chaza na sifongo, na hakuna wawili wanaolingana, kwa hiyo mtafiti anaweza kumtambua mmoja mmoja. Kijana akanionesha kwenye simu picha ya zamani, silikanti juu ya mchanga, mguu wa mtu kando kwa kulinganisha. Rangi yake ilikuwa imeshakuwa kahawia. Wakiwa hai ni wa buluu.

Tulirudi mchana na mnada ulikuwa umeanza. Kolekole, changu, taa mmoja, na pembeni papa wawili wadogo wenye alama za wavu shingoni. Nikainama kuwatazama, nikamuuliza mnadishaji wamevuliwa kina gani. Akanipima kuanzia viatu hadi kofia.

"Kaka, unanunua au unauliza?"