Askari polisi na lugha ya watu

Kila serikali inapotangaza kwamba inapeleka polisi kulinda amani ugenini, mjadala huishia kwenye silaha, magari ya deraya na idadi ya askari wanaopanda ndege. Mimi hujiuliza kwanza huyo askari akifika ataelewana na nani, kwa sababu mwanajeshi anaweza kusimama kati ya majeshi mawili bila kujua neno moja la wenyeji, lakini polisi asiyeelewa anachoelezwa na mlalamikaji aliye mbele yake hana pa kuanzia.

Umoja wa Mataifa humpima lugha ofisa anayekwenda mmojammoja, yaani nje ya kikosi: ofisa huyo husikiliza maelezo ya tukio, kisha huyaandikia ripoti. Hufuata mtihani wa udereva, ambapo safari ya mtu mwenye miaka mingi kazini inaweza kukatika kwa kugonga kigingi wakati wa kurudi nyuma. Hata hivyo, lugha anayopimwa ni ya ujumbe wa kulinda amani, yaani Kiingereza au Kifaransa, na siyo ya mtaani atakakofanya doria.

Kosovo na Timor ya Mashariki, kuanzia 1999, Umoja wa Mataifa ulishika utawala wenyewe, hivyo polisi wa kigeni walikuwa na mamlaka ya kukamata. Kwingineko wengi wao ni washauri wasiobeba silaha, wanaokaa pembeni ya polisi mwenyeji huku jalada la kesi likiwa mikononi mwa mwenyeji huyo, na nadhani hapo ndipo mahali pao. Vikosi kamili vya watu wapatao 140 ndivyo hubeba silaha na kutuliza ghasia.

Haiti imenifikirisha zaidi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha ujumbe wa polisi ulioongozwa na Kenya nchini humo Oktoba 2023, ingawa haukuwa wa Umoja wa Mataifa wenyewe na ulitegemea michango ya hiari. Wakenya 400 wa kwanza walitua Port-au-Prince Juni 2024, kati ya askari 2,500 waliokusudiwa, idadi ambayo haikufikiwa. Walikuta watu wanaozungumza Krioli, lugha ya wenyeji wa Haiti.

Kuwaelewa watu wa lugha nyingine huhitaji muda, na ndiyo maana naukumbuka ujumbe wa Liberia, ambako kikosi cha polisi wanawake kutoka India, cha kwanza cha aina yake, kiliingia 2007 na askari wake wakawa wakipokezana hadi 2016. Kwa kawaida ofisa anayekwenda mmojammoja hukaa takriban mwaka mmoja. Akishaanza kumtambua mkuu wa kituo kwa sauti, na kujua ni mkalimani yupi anayefupisha mno maneno ya mashahidi, humkabidhi mgeni mwingine daftari lake na kufunga begi.