Nilivyoweza kuzunguka Loch Katrine kwa baiskeli, baada ya kushindwa mara ya kwanza

Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimekulia kwenye vilima vya chai na migomba, kwa hiyo nilivyohamia Glasgow nikasikia wenzangu kazini wanaongelea kuendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe huko milimani, moyo ulishtuka kabisa, maana barabara ya changarawe inayopanda na kushuka ndo barabara iliyonilea. Mwaka jana mwezi wa tano nikaenda nikashindwa, mwezi wa sita nikarudi nikamaliza. Naandika hapa kilichobadilika katikati, labda kuna mtu yuko huku Scotland anatamani ila hajui aanzie wapi.

Sehemu yenyewe inaitwa Trossachs, kaskazini ya Glasgow, ndani ya hifadhi ya taifa ya Loch Lomond na Trossachs iliyoanzishwa mwaka 2002. Loch ndo ziwa kwa lugha yao, na huko maziwa yamejaa kila ukivuka kilima. Kamji ka kufikia ni Aberfoyle, msitu umekazunguka pande zote na ndani ya msitu kuna barabara za changarawe zilizochongwa kwa ajili ya malori ya magogo. Kitu nilichokipenda mno ni sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003, inampa kila mtu haki ya kupita mashambani na misituni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi, ilimradi ufunge geti ulilofungua, usisumbue mifugo, na ukikuta kibao cha kwamba wanakata miti upite wanakokuelekeza. Huombi ruhusa kwa mtu. Na gari huhitaji, unapanda treni ya Glasgow mpaka Balloch, baiskeli hailipiwi, halafu unafuata vibao vya njia namba 7 ya baiskeli kupitia Drymen mpaka Aberfoyle, kama kilomita 30 hivi.

Sasa ile mara ya kwanza nilitaka nimalize vyote kwa siku moja, Balloch mpaka Aberfoyle, nizunguke Loch Katrine, nirudi treni ya jioni. Halafu nilishasikia kwamba kwenye changarawe unapunguza upepo ili tairi lishike chini, mimi nikapunguza kwa kubonyeza na kidole gumba tu, nikabeba na begi zito nyuma, nguo, chakula, vifaa. Ndani ya msitu wa Loch Ard, kwenye mteremko wenye mawe makali, nikasikia rimu ya nyuma imegonga mara moja, ko! na upepo wote ukatoka. Nikabadilisha tyubu. Hata kilomita tatu hazijaisha, ko! tena. Tyubu ya akiba sina, mvua imeanza, viraka vinakataa kushika kwenye mpira uliolowa. Pembeni pale nilipokaa palikuwa na kijumba cha mawe cha mviringo, kimejengwa kama mzinga, hakina mlango wala dirisha, katikati ya miti. Nilijikinga upepo nyuma yake nikila chapati ya mwisho na sikujua ni kitu gani. Nikasukuma baiskeli mpaka Aberfoyle kwa miguu, na kwa kweli niliumia sana moyoni.

Kilichoniokoa ni kaka mmoja wa Bukoba, mtu mzima, amekaa huku miaka mingi na anaendesha kila wiki. Nilienda kwake na tyubu zote mbili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu, hebu lete nione."

Akajaza tyubu upepo kidogo, akaiweka kwenye beseni la maji, akanionyesha. Povu lilikuwa linatoka sehemu mbili, vitobo viwili vidogo vimekaa sambamba kama meno ya nyoka. "Unaona hivi? Hiki sio kitobo cha msumari wala mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, mzigo wako wote uko nyuma, jiwe limelikandamiza tairi mpaka rimu ikaing'ata tyubu. Usikisie na kidole, nunua kipimo."

Basi nikafanya kama alivyosema. Tairi zangu ni za upana wa milimita 45, tukatoa tyubu kabisa tukazifanya tyubulesi, unaweka ile gundi nyeupe ya maji ndani, kitobo kidogo kinajiziba chenyewe na hamna tena tyubu ya kung'atwa. Mimi nina kilo 80, tukaanza na presha 30 mbele na 33 nyuma na sijaona sababu ya kubadilisha, ila uzito wako ukiwa mwingine na namba zitakuwa nyingine. Begi la nyuma nikaligawa, vifaa na maji vikakaa katikati ya fremu. Na kubwa kuliko vyote nikakubali kwamba safari hii ni ya siku tatu kwangu, sio moja. Nikaomba Jumatatu off, nikakodi chumba Aberfoyle usiku mbili. Usitegemee kupiga hema tu kandokando ya ziwa, kuanzia Machi mpaka mwisho wa Septemba sehemu nyingi za fukwe hizo zinataka kibali.

Jumamosi nikafika Aberfoyle bila pancha hata moja. Jumapili saa mbili asubuhi nikaanza mzunguko wenyewe, kama kilomita 50. Kutoka mjini unapanda msituni moja kwa moja, mpando mrefu, changarawe imelegea, na hapo nilijifunza kukaa kwenye siti, ukisimama tu gurudumu la nyuma linazunguka bure. Weka gia nyepesi kabla mpando haujaanza, pumua, nenda kama unatembea. Ukivuka barabara ya lami inayoitwa Duke's Pass unaanza kushuka, na ghafla miti inafunguka unaiona Loch Drunkie chini, maji meusi yametulia kabisa. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikumbuka ziwa Ngosi kwetu, vile unavyopanda msituni huoni kitu halafu linatokea lote kwa mara moja.

Baada ya hapo Loch Achray, kisha gati la Loch Katrine ambapo ipo meli ya Sir Walter Scott iliyoanza kazi mwaka 1900. Kutoka gatini barabara inafuata ukingo wa kaskazini kama kilomita 20 mpaka Stronachlachar, ni lami ila magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, ni wewe, kondoo, na familia zenye watoto kwenye baiskeli. Usidanganyike na ukingo wa ziwa ukadhani ni tambarare, inapanda inashuka bila kukoma, na upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini magharibi kwa hiyo unakupiga usoni sehemu kubwa ya njia. Nilikuwa nakula kila baada ya dakika 40 hata kama sina njaa, nusu chapati au ndizi, na mara hii nguvu hazikukatika. Mbele kidogo kuna Glengyle alikozaliwa Rob Roy MacGregor mwaka 1671, nilipita tu.

Stronachlachar nikanywa chai kwenye mgahawa wa gatini na ndo hapo nikaelewa kitu kilichonigusa kuliko mandhari yote. Maji tunayokunywa Glasgow yanatoka Loch Katrine hii hii, tangu mwaka 1859 Malkia Victoria alipofungua mradi, yanashuka yenyewe kwa mteremko ndani ya mahandaki na mifereji mpaka Milngavie nje ya jiji, bila pampu. Na vile vijumba vya mawe msituni ni matundu ya hewa ya hilo handaki. Yaani siku ile nilikuwa nimekaa kwenye mvua, nimekata tamaa, na chini yangu yanapita maji ya jikoni kwangu.

Kurudi ni barabara nyembamba kupitia Loch Chon na Loch Ard, hapo magari yapo, unampisha mtu kwenye vituo vya kupishana. Loch Chon usisimame jioni upepo ukiwa umetulia, kuna vidudu vya midge vidogo kuliko mbu na vinakuja kama moshi, beba neti ya kichwa. Nikaingia Aberfoyle saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, mwezi wa sita huku linazama saa nne usiku.

Jumatatu nikiwa narudi Balloch nilipita njia ile ile ya msituni kwa makusudi. Nikakitafuta kile kijumba, nikakikuta, nikaegemeza baiskeli ukutani. Nikatoa kipimo nikapima tairi la nyuma. 32. Ilikuwa imeshuka moja tu tangu Jumamosi.