Neno la Ajja chini ya mti namba 47

Nilisema sitaandika tena mpaka nimalize ploti zote za kupimia miti huku Agumbe, kusini-magharibi mwa India, lakini leo ni usiku wa tano silali vizuri kwa ajili ya maneno mawili ya Kikannada, lugha ya huku. Acha niyaandike, huenda yakaniachia.

Ilikuwa Jumanne, ploti ya sita. Mwenzangu anayenitafsiria alikuwa ameteremka kijitoni kujitoa ruba, nikabaki na Ajja. (Kwa mliokuja karibuni: Ajja ni babu, ndivyo wote tunavyomwita mzee anayetuongoza msituni.) Tulikuwa tumefika mti namba 47, Dipterocarpus indicus, jiti ambalo ukitaka kuona kilele chake lazima shingo iume. Ajja alishika ncha ya tepu, tukaizungusha kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, nikasoma sentimita 412, nikaandika. Yeye akatazama chini, akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi. Akasema taratibu: "Makkalu illva?"

Kikannada changu ni cha kuombea maji, ila hayo nayajua. Makkalu ni watoto. Illva ni "hakuna?" Mwenye nyumba ameshaniuliza, muuza maziwa ameshaniuliza, na mama mmoja niliyekaa naye kwenye basi la kutoka Shivamogga aliniuliza hata kabla ya jina. Nikajibu bila kuinua macho kwenye daftari: "Illa." Hakuna.

"Ayyo," akasema Ajja. Akatikisa kichwa, akaenda kuisubiri tepu kwenye mti namba 48.

Ile ayyo. Mnaonisoma tangu mwezi wa tatu mnajua kwa nini iliingia pale ilipoingia. Nikairudia jioni nikipanga majani kwenye magazeti, nikairudia nikioga, nikairudia nikiwa kitandani. Nikawa natunga majibu ambayo ningempa. Ningesema bado. Ningesema Mungu hajapanga. Ningenyamaza tu. Wiki ilikuwa na mambo yake, kibali changu cha kukaa kikaongezwa na Jumatano mdogo wangu akaozwa Korogwe nikamwangalia kwenye simu huku mtandao ukikatika, lakini nikifumba macho naona kichwa cha Ajja kikitikisika.

Inabidi niwaeleze kazi yenyewe kidogo, maana jambo limejificha humo. Ploti yangu ni mita 20 kwa 20. Kila mti wenye mzunguko wa sentimita 30 na kuendelea unapewa namba, unapimwa, unatajwa jina. Ukikutana na Poeciloneuron indicum, ambao huku umejaa, mizizi yake imesimama kama miguu ya dungu la shambani, basi hupimi kimo kile kile, unapanda juu ya mizizi. Usipokuta ua wala tunda, unasugua jani unanusa, unakwangua gome uone utomvu una rangi gani. Humboldtia brunonis hauna shida: vitawi vyake vina pingili zilizovimba, ndani ni uwazi, na sisimizi wamefanya makazi humo. Mwishoni unajumlisha kila aina ina miti mingapi, imeonekana katika ploti ngapi, mashina yake yamechukua eneo gani. Hapo unasema msitu huu umeundwa na hiki na hiki.

Na chochote chini ya sentimita 30 hakimo. Mwanzoni nilikuwa na viploti vya mita 1 kwa 1 kwa ajili ya miche. Nikavifuta mwenyewe kwenye pendekezo la utafiti. Muda haukutosha, na huku hunyesha zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka (kwetu Amani, Tanga, ni kama 1,900 na tunaiita mvua nyingi), ukipiga magoti dakika mbili tu ruba wamefika kiunoni.

Ijumaa tukinywa chai mwenzangu akaniambia, "Ajja anasikitika sana kwa ule mti mkubwa. Anasema hata wewe umekiri hauna watoto."

Nikamwambia arudie.

"Namba 47. Alikuuliza kama miche yake hakuna, ukamwambia hakuna."

Chai ikanishinda. Mzee wa watu aliniuliza swali la kazi, na mimi nikamjibu kwa kidonda changu. Kibaya zaidi, nilimjibu nikiwa na tepu na daftari mkononi, mtu wa chuo, akaniamini. Sikuwa nimetazama chini hata mara moja.

Na swali hilo nilipaswa kulijua kabla yake. Amani ukiinua macho unaona msitu. Ukiinamisha, sehemu nyingi unakuta vichanga vya mhesi, mti ulioletwa kupandwa, ukaingia kwenye mapengo yaliyoachwa na wakata mbao, hondohondo wakausambaza kwa kula matunda yake. Tukienda shamba la iliki la bibi, baba alitangulia akipekua majani makavu kwa fimbo, akitutajia kilichoota: huu mhesi, huu mhesi, huu mhesi. (Iliki yenyewe kwao ni milima hii. Niliikuta imejiotea kando ya kijito, nikampigia bibi picha. Bado anaionyesha watu.)

Jana nikarudi namba 47. Nikapiga magoti. Chini ya majani kulikuwa na matunda yake yaliyooza, mabawa mawili mawili bado yameshikana, na katikati yake miche. Kumi na tisa hainifiki kifundo cha mguu, miwili inanifika gotini. Nikamwita Ajja kwa sauti iliyomtisha, akaja mbio, akachuchumaa. Akawa anagusa kila mmoja kwa kidole, ondu, eradu, muuru, mpaka mwisho, akacheka cheko ambalo sijawahi kumsikia akilicheka. Sijafurahi hivyo tangu mwezi wa tatu.

Kisha akasimama, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake, akageuka pande zote akitafuta mche wa kimo hicho. Tukatafuta wote mpaka nje ya kamba ya ploti. Illa. Kesho namwandikia msimamizi kwamba viploti vinarudi, hata kama ni wiki tatu zaidi na pesa ya gari nitaikopa.

Nilidhani leo nitalala. Ila jioni mama amenituma ujumbe wa sauti wa kunisimulia harusi, dakika nne, na mara tatu anakatisha neno katikati ili avute pumzi. Nimemuuliza. Anasema alikuwa ametoka kupanda ngazi. Nyumba yetu haina ngazi.