Nilivyokivua kipokezi cha seli T pamoja na washirika wake

Kazi niliyopewa nilipoanza shahada ya uzamili katika chuo kimoja nchini Ujerumani ilionekana nyepesi ilipokuwa bado kwenye karatasi: nikitoe kipokezi cha antijeni (kitu kigeni ambacho kinga ya mwili hukitambua) kutoka kwenye utando wa seli T, ambazo ni seli za kinga, kisha nithibitishe kwamba protini iitwayo zeta imetoka pamoja nacho. Ilinichukua karibu miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu ya sabuni.

Zeta ilitafutwa kwa sababu ya msingi. Kipokezi cha seli T kina minyororo miwili, alfa na beta, ambayo ndiyo inayotambua kipande cha antijeni kilichoshikwa na molekuli za MHC, zinazokionyesha kwenye uso wa seli nyingine. Hata hivyo mikia ya minyororo hiyo upande wa ndani wa seli ni mifupi mno, ya amino asidi chache tu, wala haiwezi kupeleka taarifa yoyote. Ndiyo maana kipokezi hiki hakikai peke yake, bali kimeambatana na jozi tatu: CD3 delta na epsiloni, CD3 gama na epsiloni, na zeta mbili zilizofungamana. Jumla ni minyororo minane. Mikia ya washirika hao ina sehemu 10 ziitwazo ITAM, kila moja ikiwa na tairosini mbili (aina ya amino asidi), na 6 kati ya sehemu hizo zimo kwenye zeta. Kimeng'enya Lck kikishabandika fosfeti kwenye tairosini hizo, protini ZAP-70 huja kuzishika, na hapo ndipo seli huanza kuamka. Ukikipata kipokezi bila zeta, umepata sikio lisilo na mshipa.

Nilitumia seli za Jurkat, ambazo chimbuko lake ni damu ya kijana wa miaka 14 aliyeugua saratani ya damu, na ambazo zimekuwa zikioteshwa maabara tangu miaka ya 1970. Seli hupasuliwa kwa sabuni kwenye barafu, mabaki mazito huzungushwa kwenye mashine mpaka yakatuama, kisha maji yaliyobaki juu huchanganywa na vishanga vidogo vilivyovishwa kingamwili inayoitambua CD3 epsiloni. Vishanga hivyo ndivyo ndoana. Baada ya kuoshwa huchemshwa, protini hutenganishwa kwenye jeli kwa kadiri ya uzito, huhamishiwa kwenye karatasi ya nitroselulosi, na kila moja hutafutwa kwa kingamwili yake.

Nilianza na sabuni iitwayo Triton X-100 ya asilimia 1, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye chupa iliyo karibu. Mstari wa CD3 epsiloni ulitokea mnene kila mara, lakini chini yake, kwenye kilodaltoni 16 (kipimo cha uzito wa protini) ambako zeta ilipaswa kuwa, karatasi ilikuwa nyeupe. Nilibadilisha kingamwili, nikaongeza seli kutoka milioni 10 hadi milioni 50, nikaiacha filamu inayonasa mistari ya karatasi hiyo gizani usiku kucha. Kitu nilichokuwa nacho mbele ya macho bila kukizingatia ni kwamba kwenye sampuli ya seli nzima, ile ambayo haikupita kwenye vishanga, zeta ilikuwepo tele. Haikuwa imeharibika wala kingamwili yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa imeachana na wenzake kabla ndoana haijafika.

Aliyelitambua hilo ni dada mmoja kutoka Mombasa aliyekuwa akimalizia udaktari wake katika maabara ya jirani. Alifunua daftari langu, akasoma ukurasa mmoja, akasema, “Mdogo wangu, hawa umewaosha mpaka wametengana. Jaribu digitonini.”

Baadaye nilielewa kwa nini alisema hivyo bila hata kuona filamu. Minyororo hii inashikana hasa ndani ya utando wenyewe, katikati ya mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba alfa na beta zina amino asidi 3 zenye chaji chanya ndani ya utando, na washirika wao wana 6 zenye chaji hasi, hivi kwamba kila jozi inayojiunga hutumia chanya moja kwa hasi mbili. Katika mafuta, ambako hakuna maji ya kuzipooza chaji hizo, mvutano huo hutosha. Sabuni inapokuja kuchukua nafasi ya mafuta, kila kitu hutegemea namna inavyojipanga kuzunguka minyororo, na Triton haikuwa na huruma kwa zeta.

Digitonini ni sabuni iliyo laini zaidi, hupatikana kwenye mmea wa digitali, nayo hupenda kushikamana na kolesteroli ya utando. Ni unga mweupe wenye sumu, kwa hiyo unapimwa kwa barakoa na glavu, tena taratibu, maana ukipuliziwa na feni hutawanyika. Haiyeyuki kwenye maji baridi. Niliichemsha kwenye nyuzi 95 mpaka ikawa angavu kama maji ya kunywa, nikaipooza, nikafurahi, nikaiweka kwenye friji. Siku chache baadaye niliikuta na chenga nyeupe chini ya chupa, nikaitikisa, nikaitumia hivyo hivyo, na wiki nzima ikaenda na maji. Tangu hapo niliitengeneza asubuhi ya siku ileile ya kazi na kuichuja kabla ya kuigusisha seli.

Filamu ya kwanza ya digitonini ilitoka mashineni ikiwa na mstari mwembamba kwenye kilodaltoni 16. Niliirudia bila dawa ya kukata vifungo vya salfa, na mstari ukahamia kwenye 32, jambo ambalo lilinipa imani kuliko mstari wenyewe, kwa kuwa zeta mbili hufungwa pamoja kwa kifungo cha namna hiyo.

Hapo ndipo shaka ilipoanza, na nadhani ilikuwa shaka ya halali. Sabuni laini inaweza kuacha vipande vya utando visivyoyeyuka, na protini iliyokuwa jirani tu ikavuliwa kana kwamba ni mshirika. Kwa hiyo kwenye karatasi ileile nilitafuta kipokezi cha transferini (protini inayobeba madini ya chuma), ambacho Jurkat wanacho kwa wingi na hakihusiki hapa; hakikuwepo. Kingamwili isiyotambua chochote haikuleta zeta. Kisha nikachukua seli zenye zeta iliyotiwa alama, nikazipasua mbali na seli za kawaida, nikachanganya maji ya seli hizo mbili kabla ya kuvua. Safari hii nilitumia ndoana ambayo tayari ilikuwa imeshika vipokezi vya seli za kawaida wakati zingali hai. Zeta yenye alama haikupanda. Uhusiano huo basi haukuwa umezaliwa ndani ya kichupa.

Msimamizi wangu aliporidhika, alitaka nifanye hivyo hivyo kwa CD4, protini nyingine ya utando wa seli T, na Lck, na hapa niliaibika mbele ya kikundi kizima. Nilionyesha mstari mzuri kwenye kilodaltoni 56, uzito wa Lck hasa. Mtu mmoja akauliza kama nina sampuli ya kingamwili isiyotambua chochote. Nilikuwa nayo, sikuwa nimeiangalia vizuri. Nayo ilikuwa na mstari uleule. Nilikuwa nimevua kwa kingamwili ya panya na kutafuta kwa kingamwili nyingine ya panya, na mnyororo mzito wa kingamwili una kilodaltoni 50 na ushei. Niliyoyaona yalikuwa ndoana yenyewe. Nilianza kuzifunga kingamwili kwenye vishanga kwa kemikali ili zisichomoke, nikatafuta Lck kwa kingamwili ya sungura, na pembeni nikaweka sampuli ya seli za J.CaM1.6, uzao wa Jurkat usio na Lck, kuhakikisha kwamba kingamwili hiyo haidanganyi. Safu ya J.CaM1.6 ilikuwa tupu.

Kilichonishangaza ni kwamba Lck ilipanda na CD4 hata katika Triton ileile iliyoninyima zeta. Lck haishikani na CD4 ndani ya mafuta. Iko upande wa ndani wa seli, ambako sisteini mbili (amino asidi zenye salfa) za mkia wa CD4 na sisteini mbili za Lck hukibana kiini kimoja cha zinki kati yao, umbo ambalo lilielezwa kwa undani mwaka 2003. Sabuni haina la kufanya na kibanio hicho. Kwa tahadhari niliondoa EDTA kwenye mchanganyiko wangu, kwa kuwa kazi yake ni kunyakua madini, na sikutia pia iodoasetamidi, ambayo huzivamia sisteini.

Chupa mbili sasa zinakaa kwenye rafu yangu, na kwenye daftari kila mstari wa filamu una jina la sabuni kando yake, kabla hata ya jina la kingamwili.