Visheti vya heri: kilo moja ya unga, mtaa mzima unapata

Kwetu Tanga mtu akipata la heri hali peke yake. Mtoto kafaulu, binti kajifungua salama, mzee karudi Hija: vinakaangwa visheti, vile vipande vya unga wa ngano vinavyovishwa shira ya sukari, vinafungwa, vinapelekwa nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo sasa ni yangu, na nasema bila haya kwamba visheti vyangu vinakauka, havinati. Wapishi watanielewa.

Kuna ndugu wanaoshikilia kwamba heshima ni sahani iliyojaa. Hapana. Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hiyo umempa jirani zawadi na deni juu yake. Kifuko cha khaki cha gramu 80 hivi hakirudishwi. Mtu anatafuna na chai, anawaombea dua, yamekwisha. Vyote napima kwa kikombe kimoja, maana watoto hulinganisha njiani.

Kilo moja ya unga wa ngano inatoa vifuko ishirini na kitu. Samli vijiko vikubwa 8, chumvi kidogo, iliki, maziwa vuguvugu vikombe 2 kasoro. Sugua samli kwenye unga mpaka ukiufumbata ushikane, ukiugusa uvunjike. Samli ikizidi, visheti vinamomonyoka kwenye mafuta. Ikipungua, wazee wenye meno ya kuhesabu watakutaja kwa ubaya. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Kukata kila mtu anajua. Mimi navibingirisha mgongoni mwa uma vipate mistari, ndiyo inayoshika shira. Kaanga kwa moto wa wastani: mafuta yakiwa makali, nje vinaiva rangi, ndani vibichi, na kesho yake vimelainika.

Sasa shira, na hapa ndipo washauri walipojaa. Utasikia, "kamulia ndimu isigande." Hiyo ni shira ya kaimati, inayotakiwa ibaki majimaji. Ya visheti inatakiwa igande! Ndimu inaivunja sukari isirudi kuwa chenga, visheti vinanata, karatasi inaloa. Asali ndiyo kabisa: inavuta unyevu, na hewa ya pwani unaijua.

Sukari robo tatu ya kilo, maji glasi 1 na nusu. Ikishayeyuka usikoroge tena. Mapovu yakiwa mazito, bana tone kati ya vidole: uzi uvute bila kukatika, na tone jingine likiingia maji baridi liwe kidonge laini. Epua, mimina juu ya visheti vilivyopoa kwenye karai pana. Hapo hapo narushia kijiko kimoja cha sukari kavu iliyosagwa. Hiyo ndiyo hila yangu: zile chenga zinakuwa mbegu, na shira yote inazifuata. Kisha geuza kwa mwiko, chini juu, chini juu. Mwanzoni vinang'aa na kushikana, mkono unauma, unaona umeharibu. Usiache. Mara sauti inabadilika, vinagonga karai kama kokoto, vinageuka vyeupe mbele ya macho yako. Wengi huacha dakika moja kabla ya hapo, halafu wanalaumu sukari ya dukani. Visipogeuka, shira haikuiva: rudisha karai kwenye moto mdogo, endelea kugeuza.

Vifungwe vikishapoa kabisa, vinginevyo vinatoa jasho. Wakati wa masika vikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, vitiwe kwenye khaki asubuhi ya kugawa. Gharama haifiki elfu kumi na tano, kama mafuta unayo.

Kugawa tunaanza kwa wazee, kisha majirani wa pande zote, pamoja na yule tuliyenuniana naye. Nyumba yenye eda anakwenda mtu mzima, kimya, salamu kwanza. Mtoto anayepeleka anafundishwa maneno: "Shikamoo bibi, mama amesema tumejaaliwa, dada kafaulu, karibu." Alama hazitajwi. Akikuta mlango umefungwa, arudi nacho. Kibarazani sisimizi hawana subira.

Weka vifuko vitatu vya akiba, kuna anayesahauliwa kila mara. Wabebaji wapewe vyao mwishoni. Ukiwapa mwanzoni watamaliza vyao kabla ya nyumba ya pili, na vya watu vitafika vyepesi.