Sauti safi huanzia mlangoni mwa gari
Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja na redio za masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yaliishia megahezi 90, na hivyo hazinasi stesheni za hapa zilizo juu ya hapo; wenye magari hubadilisha redio na kuacha spika zile zile za karatasi. Mimi hushauri kuanza na milango. Spika nzuri ikifungwa kwenye bati lenye matundu, mawimbi ya nyuma yake hukutana na ya mbele na besi, yaani sauti nzito, hupotea. Bati likizibwa na kubandikwa mpira mzito wa kuzuia mtetemo, sauti ya mwimbaji husikika wazi hata gari likiwa mwendoni. Kisha, kwenye amplifaya (kikuza sauti), masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 80 yaachiwe subwoofa (spika kubwa ya besi), hatua ambayo mafundi wengi, kwa masikitiko yangu, huiruka.